Wateja wanazisifu sindano zangu za sikio, mimi mwenyewe nina shaka

BARUA

Kwako mshauri,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Mimi ni muuguzi, nina mume na watoto, na nafanya kazi katika kliniki ya kibinafsi upande wa Kisauni. Jina langu na la kliniki nayaweka pembeni, maana mji huu ukipiga chafya Likoni, Bamburi wanakuombea afya.

Kwa sababu ya mtaa tulipo, wengi wanaokuja kwetu ni vijana waliokuwa wakitumia unga, yaani heroini, na sasa wanajaribu kuacha. Baadhi wako kwenye methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini. Asubuhi huenda kituo cha serikali, hunywa dawa yao mbele ya mhudumu, kisha hupitia kwetu kutibiwa vidonda au kifua, au kuzungumza tu. Mwaka jana alikuja mkufunzi kutoka ng'ambo akatufundisha akupancha ya sikio: sindano fupi nyembamba, tano kila sikio, mahali palepale kwa kila mtu. Wateja hukaa pamoja kwenye viti, hakuna anayeulizwa maswali, na baada ya nusu saa au zaidi kidogo tunazitoa. Mafunzo yalikuwa mafupi. Tukapewa vyeti, mkufunzi akapanda ndege.

Mshauri, sikutarajia yaliyofuata. Chumba cha nyuma tulichokuwa tukiwekea maboksi sasa kimejaa viti vya plastiki. Vijana ambao kwenye foleni hugombana kwa neno dogo, mle ndani hutulia hadi wengine hukoroma. Mmoja aliniambia alilala usiku kucha bila miguu kumrukaruka. Wanawake wa mtaani nao wamesikia, waja na migongo yao na kukosa usingizi kwao. Siku hizi naitwa "daktari wa masikio". Baada ya miaka ya "sista, lete hiki, sista, ondoa kile", siwezi kusema kwamba jina hilo halinifurahishi.

Lakini nilianza kusoma. Nikakutana na utafiti mkubwa wa Marekani ambapo waliochomwa mahali panapotakiwa na waliochomwa mahali pasipohusika walitoka sawasawa. Nikasoma mwingine unaosifu. Nimebaki katikati, na kila nikivaa glavu najiuliza nafanya nini.

Mwenye kliniki yeye hana shaka. Ameagiza bango la nje: "Tibu Uraibu, Maumivu na Presha kwa Sindano za Sikio", shilingi 1,500 kila kikao. Nilipomuuliza presha imeingiaje, alicheka akasema bango si kitabu cha dawa.

Halafu kuna kijana mmoja. Anaendelea vizuri, amenenepa, amerudi kuishi kwao. Juzi aliniambia anataka kuiacha methadoni abaki na sindano zangu peke yake. Mamake alikuja kunishukuru na kapu la maembe. Aliiita methadoni "unga wa serikali" na kunisihi nimtoe mwanawe huko. Sikujua niseme nini. Nilimwambia tutazungumza.

Kituko cha mwisho ni halati yangu, dada ya mamangu, wa Mji wa Kale, mwenye goti bovu. Alinisihi, nikamweka sindano ukumbini kwake, akaanza kucheka: "Mwanangu, masikio yangu yametogwa toka juu mpaka chini tangu sijavunja ungo. Kama tundu la sikio latibu goti, mbona mie nachechemea?" Watu wote waliangua kicheko. Kesho yake akapiga simu kusema goti limepoa, na majirani wanauliza nitarudi lini.

Je, nawadanganya watu? Niache? Niendelee kimya kimya? Mume wangu ananiambia kodi ya nyumba haisomi utafiti.

Sista wa Kisauni

JIBU

Dada yangu, nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipomwambia mgonjwa jambo usiloliamini, na sikupaona. Linalotaka kusema uongo ni bango, na bango bado halijatundikwa. Aliye karibu na hatari ni yule kijana, na hatari yake haitoki kwenye sindano. Wewe umeyafunga haya yote pamoja na shaka zako kuhusu utafiti, sasa yanakulemea kama hatia moja kubwa. Tuyafungue. Tuanze na kijana, kwa sababu yeye hana muda wa kutusubiri.

Wewe ni muuguzi, kwa hiyo najua sikufundishi jambo jipya. Nayasema ili uwe nayo mdomoni atakapokuja na mamake. Methadoni hushika palepale heroini ilipokuwa ikishika mwilini, lakini hukaa muda mrefu, ndiyo maana dozi moja kwa siku humwepusha na arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga. Akiiacha ghafla, arosto itakuja, na ile ya methadoni huchelewa kuondoka. Atateseka, lakini mateso hayo si ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Naogopa siku atakayoshindwa kuvumilia akarudia kipimo chake cha zamani, wakati mwili umeshapoteza ule uzoefu. Hapo pumzi hukatika. Sindano ya sikio haina namna ya kuzuia hilo. Hata NADA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985 kueneza sindano hizo tano ulizofundishwa, huzieleza kuwa ni msaada unaokwenda pamoja na matibabu mengine.

Sasa, kumwambia "usiache" na kumwachia hapo hakutasaidia sana. Ningependa umuulize anachokichukia katika methadoni. Pengine ni foleni ya asubuhi inayomkosesha kibarua. Pengine ni nauli, au jirani aliyemwona pale na kupeleka habari mtaani. Pengine ni neno la mamake, ambalo mwana hulisikia kila jioni mezani. Kila moja ya hizo ina njia yake. Kama kweli amefika pa kupunguza, kituo kinachompa dawa ndicho kinachoweza kuishusha dozi pole pole huku kikimwangalia, na akikuruhusu unaweza kuongea nao. Mama naye asifukuzwe. Anayesema "unga wa serikali" huenda hajawahi kuelezwa tofauti ya mtu anayetafuta dozi tatu nne kwa siku kwa kuiba na mtu anayekunywa dawa asubuhi kisha anakwenda kazini. Wewe anakuamini. Maembe yale ni dalili ya kutosha.

Nije kwenye shaka yako. Naona umedhani utafiti unakutaka uchague: ama sindano ni tiba, ama ni mchezo wa kuigiza. Hebu tutazame ulichokisoma kiliuliza nini hasa.

Habari ya sindano na madawa ya kulevya ilianzia Hong Kong mwaka 1972. Daktari wa upasuaji wa ubongo, H. L. Wen, alikuwa akimwandaa mgonjwa kwa upasuaji akitumia sindano zenye umeme, na mgonjwa huyo alikuwa mtumiaji wa afyuni. Arosto ya mgonjwa ikapungua. Habari zikafika hospitali ya Lincoln kule Bronx, New York, mtaa uliokuwa umeelemewa na heroini, na huko ndiko pointi zilipopunguzwa hadi hizo tano: ile iitwayo Shen Men, ya neva ziitwazo simpathetiki, ya figo, ya ini na ya pafu. Ramani ya sikio inayolionyesha kama mtoto aliyepinduka tumboni ni ya Mfaransa, Paul Nogier wa Lyon, miaka ya 1950. Aliona wagonjwa wa maumivu ya mguu wenye kovu dogo la kuchomwa moto sikioni, kazi ya mganga wa kienyeji, nao wakisema wamepona. (Kwa hiyo mwenye kliniki akitaka kuandika "siri ya Uchina ya maelfu ya miaka", mpe habari hiyo.)

Utafiti uliokunyima raha nadhani ni ule wa mwaka 2002, uliohusisha watu 620 waliokuwa wakitumia kokeini. Wengine waliwekwa sindano kwenye pointi, wengine pembeni ya pointi, wengine walitazama video za kutuliza mwili. Matumizi ya kokeini hayakutofautiana baina ya makundi. Ni jibu zito, na watu wenye mioyo ya kuuza mabango wangependa lisahaulike. Lakini swali lao lilikuwa matumizi ya kokeini. Hawakuwa wakipima kama kijana wa Kisauni aliye kwenye methadoni atalala usiku. Kuhusu heroini ushahidi ni hafifu pia, nisikufiche. Kuhusu hofu, majaribio kadhaa madogo ya watu wanaosubiri upasuaji yameonyesha sindano za sikio zikiwapunguzia wasiwasi. Na ngozi ya ndani ya sikio, karibu na tundu, hupata tawi la neva ya vagasi, ile ile inayoteremka mpaka moyoni na tumboni. Ndiyo sababu wengine hukohoa wanapojisafisha masikio. Kwa hiyo si upuuzi kudhani kwamba kulichokoza sikio kunaweza kuufikia mwili mahali pengine. Kutoka hapo hadi kusema pointi hii ni ini na ile ni figo, ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeikamilisha.

Halati wako, Mungu amhifadhi, ameuliza swali walilouliza Ronald Melzack na Joel Katz mwaka 1984 kwa wagonjwa 36 wa maumivu ya kudumu: mahali pa pointi pana maana yoyote? Kuchokozwa kwa umeme kwenye pointi hakukuwapa nafuu kuliko kuchokozwa mahali pengine pa sikio. Na bado goti lake lilipoa kesho yake. Magoti hupoa na kuvimba yenyewe, kila mwenye goti bovu anajua, na mpwa akikaa na halati yake jioni nzima akimshika kichwa, jambo hilo nalo si dogo.

Hapo ndipo nataka kukuuliza jambo. Unaogopa kwamba ukisema ukweli, utulivu wa chumba chako utavunjika. Una hakika? Mwaka 2010 Ted Kaptchuk na wenzake wa Harvard waliwapa wagonjwa wa tumbo lenye msukosuko wa kudumu vidonge wakawaambia waziwazi kwamba havina dawa ndani. Waliovimeza walipata nafuu zaidi ya wale ambao hawakupewa kitu. Walikuwa 80 tu kwa jumla, na tumbo si uraibu, kwa hiyo sikupi kama ushahidi wa mwisho. Nakupa ili uone kwamba huenda watu hawahitaji kudanganywa ili watulie.

Jaribu kuyasema haya kabla hujafungua pakiti, kwa lugha yako: "Hizi huwasaidia wengi kutulia na kulala. Hatujui kama ni pale zinapoingia au ni huku kukaa kimya. Hazitoi unga mwilini, na dawa unayokunywa uiendeleze." Huenda kuna atakayeinuka akaenda zake. Huenda mwenye kliniki akasikia akakasirika. Hizo ni gharama za kweli, sizipuuzi. Upande wa pili, utaivaa glavu bila kujiuliza unafanya nini.

Bango ni jambo jingine kabisa, na neno moja mle ndani lanitisha kuliko mengine: presha. Mtu wa presha mara nyingi haumwi popote. Atakaa kitini, atatoka akijisikia mwepesi, ataviacha vidonge, na siku moja atakuwa amelala upande mmoja wa mwili haumtii. Ukimwendea mwenye kliniki na utafiti, naona atacheka tena. Labda atasikiliza zaidi ukimwendea na bango lako mbadala, "Kutulia na kulala vizuri, pamoja na matibabu yako", na swali dogo: presha ya mtu ikimwangusha baada ya kulipa shilingi 1,500 hapa, nani atakayeitwa? Na bei yenyewe iangalie. Kijana anayeishi kwa kibarua cha siku atalipa kwa kuacha nini?

Akikataa katakata, utakuwa na njia kadhaa na hakuna iliyo laini. Waweza kubaki ukiweka sindano na kusema maneno yako mwenyewe, bango likisema yake. Wengi huishi hivyo, lakini mgonjwa huingia akiwa ameshaamini alichokisoma mlangoni, na masahihisho yako hufika yamechelewa. Waweza kumwandikia barua kwamba hutashiriki kwenye presha wala kumwondoa mtu kwenye methadoni. Hiyo hukulinda, na hapo hapo yaweza kukugharimu kazi. Waweza kuacha sindano ukabaki muuguzi. Hapo viti havitaondoka, atakuja mwingine, pengine asiyejua hata kuzihesabu. Lakini hilo si lazima liwe mzigo wako. Mumeo yuko sawa kuhusu kodi, kaeni chini mpige hesabu ya kila njia badala ya kumwona kama anayekusukuma kwenye ubaya. Anaogopa kama unavyoogopa wewe.

Na lile jina, "daktari wa masikio". Ulilisema kwa mstari mmoja ukapita, nami nadhani lina uzito kuliko ulivyolipa. Unaogopa kupoteza sindano, na pengine pia unaogopa kurudi kuwa "sista, lete hiki". Sioni aibu hapo. Ila jiulize ni nini hasa wale vijana wamekipata chumbani kwako. Mtaani wanaitwa mateja, mifuko hushikwa wakipita. Kwako wanakalishwa kitini, mtu anawagusa kichwa bila kinyaa, na hakuna anayewauliza walikotoka. Kama sehemu kubwa ya nafuu inatoka humo, basi ni yako wewe, na hakuna utafiti wa pointi utakaoiondoa.

Ukiendelea kwa namna yoyote, kuna kazi ya mikono isiyongoja majadiliano. Sehemu ya juu ya sikio ni gegedu, haina mishipa yake ya damu. Ikiingia uchafu hupona kwa shida, na sikio laweza kukunjamana maisha. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, na zinazotoka zihesabiwe ziwe sawa na zilizoingia, kwa maana hudondoka sakafuni, na miongoni mwa waliowahi kujidunga mna hatari ya Ukimwi na homa ya ini. Waulize kuhusu mimba na dawa za kuzuia damu kuganda. Anayekuja na njaa mpe chai kwanza, huzimia hao. Kwa majirani wa halati, nisingekushauri sana: ukumbini hakuna kisanduku cha kutupia sindano, na chakula cha jioni kikishaandaliwa hakuna anayekumbuka kuhesabu.

Bado kuna karatasi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitaja tiba za asili na tiba mbadala, lakini wewe leseni yako ni ya Baraza la Wauguzi. Cheti cha mafunzo mafupi kinakuruhusu kutoza watu pesa kwa kuwachoma sindano sikioni ukiwa umevaa sare ya uuguzi? Waandikie uulize, na uombe wakujibu kwa maandishi. Jibu lao, liwe lolote, uliweke mezani kwa mwenye kliniki kabla fundi wa mabango hajalipwa.